Losheni za mimea za kukinga jua: ipi ulipie, ipi uiache mezani

Sisi wa Mbeya na Iringa baridi inatudanganya sana, mtu wa Uyole anavaa jaketi mwezi wa saba anakwambia jua la leo halina kitu, wakati Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na ukipanda kila mita 1,000 mionzi ya jua inayounguza (UV) inaongezeka kwa kama asilimia 10 hivi. Ubaridi haupunguzi chochote. Sasa sokoni Mwanjelwa kila meza ina losheni yenye picha ya jani eti ya asili, inakinga jua. Nazipanga hivi.

Namba moja ni sanskrini (losheni iliyotengenezwa hasa kuzuia jua) ya zinki yenye mimea ndani. Hapa zinki ndo inazuia jua, mimea ni msaidizi tu: chai ya kijani inapunguza madhara ya mionzi iliyoshapenya, mshubiri (aloe vera) unatuliza ngozi. Cheki SPF, ile namba ya kiwango cha kinga, iwe 30 na kuendelea. 30 inazuia kama asilimia 97 ya UVB, mionzi inayobabua ngozi, na 50 inazuia 98, kwa hiyo muuzaji akikutajia bei mara mbili kisa 50 mwache. Halafu SPF haikwambii kitu kuhusu UVA, mionzi inayopenya ndani zaidi ya ngozi, lazima iandikwe pembeni kwamba na yenyewe inazuiwa. Shida ya zinki ni kwamba ngozi nyeusi inabaki kama imepakwa unga, jaribu kidogo kwenye taya kabla hujatoa hela, au chukua ya rangi ya kahawia, ile rangi ni oksidi ya chuma na inasaidia hata kwa wenye madoa meusi usoni.

Ya pili, sanskrini ya kawaida isiyo na mmea hata mmoja. Ndiyo, inazipita zote zinazofuata hapa chini.

Ya tatu mafuta ya parachichi, nazi, mzeituni. Najua watu wa Rungwe na Njombe mnaolima parachichi mtanijia juu lakini nazi na mzeituni vilipopimwa maabara vilipata SPF 7 au 8 hivi, na hiyo ni maabara, sio mgongoni kwa mtu anayelima. Parachichi nunua kwa ajili ya ukavu, paka usiku.

Jeli ya mshubiri ni ya kupaka ukishaungua. Kama unao uani usinunue.

Mkiani kabisa mafuta ya karoti. Mtandaoni wanasema SPF 40, ila namba hizo zilitoka kwenye krimu zilizotengenezwa kiwandani zenye karoti ndani, sio mafuta yenyewe. Na limau au ndimu usipake kabisa ukatoka juani, inachoma na kuacha madoa.

Mwenye ualbino asijaribu mafuta yoyote hapo, aulizie kliniki ya ngozi kuhusu Kilisun, sanskrini inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao hasa.

Ukishapata yako paka ya kutosha, rudia kila masaa mawili ukiwa nje. Na nunua famasi, angalia tarehe, maana chupa iliyoshinda mezani inapigwa jua wiki nzima dawa yake inaharibika na joto hata kama haijaekspaya.