Jenereta la sola na mashine yangu ya vifaranga: miezi saba shambani Pemba Mnazi

Nafuga kuku wa kienyeji Pemba Mnazi, mwisho kabisa wa Kigamboni, na nguzo ya umeme ya mwisho iko mbali na shamba langu. Mashine ya kutotolesha inataka nyuzi 37.5 usiku na mchana kwa siku 21. Jenereta la petroli lilinichosha: kelele, moshi, na kila siku kijana anatumwa na dumu. Nikaenda Kariakoo kununua jenereta la sola, lile boksi ambalo betri, inveta (kigeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) na chaja viko ndani yake. Langu lina kilo 12, nalibeba mwenyewe.

Muuzaji aliniambia, "Mama, hili unawasha hata friji, wala huna wasiwasi." Nikamwamini, nikachukua boksi na paneli moja ya wati 200.

Boksi limeandikwa wati-saa 1,024. Kwa hesabu ya LUKU, ambako uniti ni wati-saa 1,000, hiyo ni uniti moja tu! Na inveta nayo inakula chake, kwa hiyo kinachofika kwenye mashine ni kama 870. Nilikaa mbele ya kioo cha boksi jioni nzima. Hita ikiwaka namba inapanda hadi 110, ikizima inashuka hadi 15. Wastani ni kama wati 45, na kwa siku nzima hiyo ni zaidi ya uniti moja. Paneli moja kwa jua zuri la hapa hainipi hata wati-saa 800 kwa siku.

Usiku wa kwanza ulipita salama. Wa pili, saa kumi alfajiri, mwanangu akanigongea: "Mama, mashine imezima." Ndani kulikuwa na mayai 120, siku ya sita. Tukawasha jiko, tukachemsha maji, tukajaza chupa za plastiki na kuzipanga kati ya trei, kisha tukaifunika mashine kwa blanketi mbili mpaka jua lilipotoka. Vilitoka vifaranga 71. Niliumia sana.

Wiki ile ile niliongeza paneli ya pili, na tangu hapo mashine haijazima hata mara moja. Awamu iliyofuata vilitoka 98. Kwa hiyo boksi lenyewe nalisifu kwa moyo wote. Umeme wake ni safi, kipimajoto cha mashine hakiyumbi, na usiku husikii kitu ila feni ndogo.

Paneli zinataka uangalizi. Siku moja saa nne asubuhi nilikuwa napata wati 310, ghafla zikashuka chini ya 100. Kumbe kuti moja la mnazi limetupa kivuli kwenye kona ya paneli. Nikazihamishia juu ya banda. Vumbi nafuta alfajiri kwa kitambaa chenye maji, kabla kioo hakijapata moto. Boksi lenyewe lisikae juani wala chini ya bati, joto linaua betri.

Jingine ni la hatari. Fundi mmoja alitaka kuniunganishia paneli ya tatu kwa mfululizo na zile mbili. Nyuma ya boksi imeandikwa mwisho volti 60. Ukiunga kwa mfululizo volti zinajumlishwa: paneli yangu moja inatoa 24, tatu ni 72. Nilimzuia. Soma maandishi hayo kabla fundi hajagusa waya.

Pampu ya kisima ya nusu hosipawa imelishinda. Mota wakati wa kuanza inavuta mara kadhaa ya wati zake, boksi linajizima lenyewe. Na waya wa paneli uliokuja na boksi ni mfupi mno, mita tatu, nimelazimika kununua mwingine.

Boksi hili nalipatia nyota nne. Ukienda dukani, beba wati za kifaa chako na saa kitakazowaka, mpigie muuzaji hesabu mbele yake, na udai risiti ya EFD, maana bila hiyo garantii utaisikia tu. Mimi masika sitotoleshi: mawingu ya Aprili yakikaa siku tatu mfululizo, paneli mbili hazitoshi.