Shanga za jedi: jedaiti au nefraiti?

Jina la jedi, jiwe la mapambo, hubeba mawe mawili tofauti, jambo ambalo mtaalamu wa madini Mfaransa, Alexis Damour, alilibainisha mwaka 1863, na mtunga shanga wa Mji Mkongwe asiyeuliza anauziwa lipi huenda akalipia bei ya lile akapewa hili. Jedaiti, ambayo iliyo bora hutoka Myanmar, ni ngumu kidogo zaidi (6.5 hadi 7 kwa kipimo cha Mohs, ilhali nefraiti ni 6 hadi 6.5) na hung'aa kama kioo. Nefraiti, inayochimbwa China, New Zealand na Kanada, ina mng'ao wa kimafuta, kama kokwa la tende lililopakwa samli, na nyuzinyuzi zake zilizosukana huifanya isivunjike upesi. Kwa bangili inayogongwa mezani kutwa, mimi ningechagua hiyo.

Jedaiti nzuri ni ghali mno, na kwa sababu hiyo iliyo duni husafishwa kwa asidi, ikajazwa gundi ya plastiki, pengine na rangi. Elekeza tundu la ushanga kwenye mwanga wa dirisha: rangi iliyotiwa hujikusanya katika nyufa na ukingoni mwa tundu, kama hina kwenye mikunjo ya kidole. Pima pia kiganjani, kwani kwa ukubwa uleule jedaiti ni nzito kuliko nefraiti. Ile iitwayo "jedi ya Malaysia" si mojawapo ya hizi. Kwa kawaida ni kwazaiti (aina nyingine kabisa ya mwamba) iliyotiwa rangi, ambayo haina ubaya kwa anayejua anachonunua.