Kabati la Dukani au la Fundi kwa Vigari vya Mfano

Kabati la vioo la dukani la kuonyeshea vigari vya mfano, mfano wake Detolf iliyokuwa ikiuzwa na IKEA, kampuni ya samani ya Uswidi, yenye kimo cha sentimita 163, lina sifa moja ambayo fundi seremala huifikia kwa taabu: kioo kiko pande zote nne, na mwanga hupita hadi rafu ya chini. Hata hivyo rafu zake hazisogezwi, ilhali kigari cha kipimo cha 1:43, yaani kilichopunguzwa mara 43 kutoka gari halisi, kina urefu wa sentimita kumi hivi na kimo cha tatu au nne tu, hivyo sehemu kubwa ya kabati hubaki tupu.

Fundi, kwa mfano wa kule Keko, Dar es Salaam, hukutobolea matundu ya rafu kila baada ya sentimita tatu ili uzisogeze utakavyo, na kabati lenye kina cha sentimita 15 tu hukaa ukutani bila kuziba njia. Mwagize abandike ukanda wa sponji mlangoni, kwani vumbi hupenya kwenye upenyo mwembamba kuliko unavyodhani, likatua kwenye boneti na kukwaruza rangi linapofutwa kwa kitambaa kikavu.

Mbao ndizo za kuangaliwa zaidi. Mbao zisizokauka hupinda, na baadhi hutoa mvuke wa asidi unaokula vigari vilivyosubuliwa kwa madini ya risasi, hasa kabati likiwa limefungwa muda wote. Vanishi nayo iachwe ikauke kwa wiki kadhaa, milango ikiwa wazi.

Kwa vigari vya 1:18, vyenye urefu wa sentimita 25 hivi, ningenunua la dukani. Kwa vya 1:43 ningemwendea fundi.