Uzoefu wangu na Beaujolais-Villages, waini nyekundu ya kuweka kwenye friji

Jamani mimi waini nyekundu ilikuwa hainiingii kabisa. Kila nikionja nasikia ukakasi ule kama nimeng'ata ndizi mbichi, ulimi unakauka, narudi kwenye soda yangu. Sasa nikahamia Lyon, Ufaransa, kikazi, na kaskazini tu ya mji ndo kuna vilima vya Beaujolais, jirani yangu mama mmoja mtu mzima akaniita kula kwake akanimiminia Beaujolais-Villages imetoka kwenye friji, ya baridi! Nikajua kakosea. Wala hajakosea.

Inanukia stroberi na cheri, nyepesi, inateleza. Yule mama ndo akanieleza kwamba zabibu yake inaitwa gamay, yenyewe haina ukakasi mwingi, halafu vichala vinaingia kwenye tangi vizima vizima bila kupondwa, hewa ya kaboni inajaa mle na uchachu unaanzia ndani ya punje yenyewe, kwa hiyo unapata tunda bila kukamuliwa sana maganda na mbegu. Na kumbe hii gamay ilidharauliwa zamani, mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, hukohuko Ufaransa, aliamuru ing'olewe eti mmea mbaya sana. Mimi naona walionea.

Nanunua supamaketi kwa euro 8 hivi. Naiweka friji nusu saa kabla ya kula, isizidi sana maana ikiganda harufu inapotea.

Chakula sasa. Wenyeji wanaila na soseji kavu, kuku wa kuoka, soseji ya moto na viazi, na kweli inakaa. Lakini kwangu mimi mwenyeji wa Dar hakuna kinachoishinda kitimoto ya kukaanga na ndizi na kachumbari pembeni, ile chachu ya waini inakata mafuta vizuri mno, unakula bila kukinai. Pilau ya kuku pia safi, bizari na mdalasini vinaelewana nayo. Pilipili weka kidogo tu, ikizidi unasikia pombe inachoma badala ya tunda. Nyama ya ng'ombe ya mchuzi mzito inaimeza kabisa, siku hiyo nachukua Morgon au Moulin-à-Vent, zinatoka hukohuko Beaujolais ila zina nguvu na bei imepanda.

Angalieni kitu kimoja, ile Beaujolais Nouveau, yaani waini changa ya mavuno ya mwaka huohuo, inayotoka Alhamisi ya tatu ya Novemba ni ya kunywa mapema. Kuna duka waliniuzia iliyokaa karibu miaka miwili, tunda limekufa, imebaki kama maji ya siki, iliniuma maana nilikuwa na wageni. Soma mwaka kwenye lebo kabla hujalipa.

Ukishafungua rudisha kizibo, weka friji, kesho yake bado iko poa. Ikifika siku ya tatu mimi namiminia kwenye rosti ya kitimoto, vitunguu vikishaiva.