Seti ya bisibisi za mafundi bunduki kwenye Browning Auto-5 ya zamani: uzoefu wangu

Nimeitumia seti hii kwenye Auto-5, zile shotigani zenye nundu mgongoni ambazo kiwanda cha silaha cha FN cha Ubelgiji kilianza kuzitengeneza 1902. Bei yake ni kubwa, lakini imejilipa.

Sababu ni umbo la ncha. Bisibisi bapa ya kawaida imechongwa kama kabari, hivyo inagusa mdomo tu wa mfereji wa skrubu. Ukikaza, inapanda na kung'oa kingo. Ncha hizi zimesagwa pande zake ziwe sambamba, zinakaa hadi chini. Mifereji ya Auto-5 ni myembamba mno. Ncha isipoingia, isage ncha kwa jiwe, usiguse skrubu.

Hakikisha kwanza chemba na magasini (sehemu zinapokaa risasi) ni tupu. Kisha, kabla ya kulaumu kutu, tazama pembeni ya skrubu kubwa: kuna kiskrubu kidogo kinachoizuia isilegee. Hicho hutoka kwanza. Nadhani vichwa vingi vilivyoharibika kwenye bunduki hizi viliharibiwa na mtu aliyekiruka.

Skrubu kubwa ikigoma bado, dondoshea mafuta ya kupenya, acha saa 24. (WD-40 iliundwa kufukuza maji, kwa kutu ya miaka mingi naona haitoshi.) Futa mafuta ya juu, yasije yakashika moto, kisha gusisha kichwa cha skrubu na chuma cha kulehemu cha wati 60 kwa dakika 2 au 3. Chuma kikitanuka, kutu hupasuka. Tone jipya likiwekwa wakati kinapoa hunyonywa ndani. Tochi ya gesi sikubali kabisa: inaharibu ugumu na rangi ya chuma, na kwenye bunduki za mitutu miwili lehemu ya bati na madini ya risasi iliyoshikilia mitutu huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 183 za Selsiasi.

Kinachonisaidia zaidi ni drili ya kusimama, ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Funga ncha kwenye taya zake, ishushe ikandamize skrubu, kisha zungusha taya kwa mkono. Ncha haina pa kupanda.

Kasoro ya seti ni mpini: ncha inacheza kidogo ndani ya tundu lake, na sumaku ni dhaifu. Nimezungushia utepe wa karatasi mara moja, imetulia.