Kiuno cha Sentimita 108: Uzoefu Wangu na Wiki 12 za Kupunguza Kitambi Hapa Moshi

Kwa muda wa miaka 12 fundi cherehani anayenishonea suruali karibu na soko la Mbuyuni aliandika kiuno changu katika daftari lake kwa tarakimu ileile, inchi 38, nami nikaichukua kuwa ushahidi kwamba kitambi changu hakijaongezeka tangu nilipokuwa na miaka 50. Mke wangu alikuwa na mawazo tofauti, lakini mke hana daftari. Ilinibidi nifike miaka 62, nikiwa nimestaafu ualimu na nimeanza kumeza vidonge vya presha kila asubuhi, ndipo nilipolipia huduma ya kupunguza tumbo hapa mjini na kujifunza, katika dakika tano za kwanza, kwamba daftari la fundi lilikuwa halipimi kile nilichodhani linapima.

Huduma yenyewe ni ya watu wawili, binti mmoja mtaalamu wa lishe na kijana mwalimu wa mazoezi, nao wamepanga vyumba vya ghorofani si mbali na Double Road. Muhula ni wa wiki 12, na nililipa shilingi 240,000 kwa awamu mbili. Ndani ya fedha hizo kuna mazoezi mara tatu kwa wiki katika kundi la watu waliovuka miaka 50, vipimo kila baada ya wiki mbili, na mazungumzo ya ana kwa ana kuhusu chakula. Siku ya kwanza walinipima presha na sukari kabla ya kula chochote, wakauliza majina ya dawa zote ninazotumia, kisha binti akachukua tepu. Alitafuta kwa vidole ubavu wangu wa mwisho upande wa pembeni, akatafuta kichwa cha mfupa wa nyonga, akaizungusha tepu katikati ya sehemu hizo mbili na kuniomba nitoe pumzi kama kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Ilisoma sentimita 108. Nilimbishia kwamba suruali yangu ni inchi 38, yaani kama sentimita 97.

“Shida ni kwamba suruali inapita chini ya tumbo, baba,” alinijibu kwa upole. “Mimi nimepima tumbo lenyewe.”

Naamini wanaume wengi wa rika langu wanadanganywa na suruali kwa namna hiyohiyo, kwa sababu kadiri kitambi kinavyokua ndivyo mkanda unavyoteremka, na namba ya kiuno inabaki palepale kwa miaka. Kwa mujibu wa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kupanda mwanamume anapovuka sentimita 94 na mwanamke anapovuka 80, na huwa kubwa zaidi baada ya 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke. Ipo pia njia rahisi isiyohitaji kukariri chochote, kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu wa mtu. Mimi nina urefu wa sentimita 170, na nusu yake ni 85. Nilirudi nyumbani kwa bajaji nikiwa kimya.

Ni haki niseme kwamba kabla ya hapo nilikwisha kupoteza fedha mara mbili. Kwanza nilinunua mkanda mnene wa mpira wa kubana tumbo, ambao ulinitoa jasho jingi na vipele kiunoni, na kila nilichopungua kwenye mizani nilikirudisha kwa glasi mbili za maji. Mara ya pili ilikuwa chai ya majani ya shilingi 35,000 iliyosifiwa kwamba inayeyusha mafuta ya tumbo kwa siku 14. Nilipoteza kilo mbili katika wiki moja, nyingi zikiwa chooni, na zote zikarudi. Nilipompelekea binti boksi la chai hiyo alinionyesha neno sena katika orodha ya viungo, akaeleza kwamba ni majani ya kuharisha, ambayo hutoa maji na chumvi mwilini lakini hayagusi mafuta. Aliponiuliza aina ya vidonge vyangu vya presha nikamwambia ni vile vinavyoongeza mkojo, alitikisa kichwa, kwa kuwa vidonge hivyo navyo hupunguza madini ya potasi, na mtu anayevichanganya na chai ya kuharisha anaweza kuuvuruga mwenendo wa moyo wake. Boksi halikusema neno lolote kuhusu hilo.

Jambo ambalo lilinifanya niiamini huduma hii ni kwamba hawakuniahidi tumbo bapa. Walieleza kwanza kwa nini kitambi cha uzeeni ni kigumu, kwa maana zote mbili za neno hilo. Mafuta ya tumboni ni ya aina mbili, yale ya chini ya ngozi ambayo mtu anaweza kuyafinya kwa vidole, na yale yaliyo ndani zaidi, nyuma ya misuli, yanayozunguka utumbo na kukaa karibu na ini. Kitambi cha wanaume wengi ni cha aina ya pili, ndiyo maana ukikigonga ni kigumu kama ngoma. Umri unaongeza tatizo kwa sababu misuli hupungua polepole kuanzia kama miaka 30 na kitu, na misuli ni miongoni mwa vinavyotumia chakula tunachokula, hivyo anayeendelea kula sahani ya ujanani kwa mwili wa miaka 60 anaweka akiba bila kujua. Katika kundi letu la watu 11, wanane walikuwa akina mama, nao walielezwa kwamba baada ya kukoma hedhi homoni ya estrojeni hushuka, na mafuta yaliyokuwa yakihifadhiwa kwenye nyonga na mapaja huhamia tumboni. Mama mmoja alicheka kwa sauti na kusema kwamba kumbe hakuwa amelogwa.

Niliingia nikitarajia kulala chali na kuinua kifua mara mia. Mwalimu wa mazoezi alilikataa hilo mapema, akisema kwamba kuchosha misuli ya tumbo hakuchomi mafuta yaliyo juu yake wala nyuma yake, kwani mwili huchukua mafuta unakotaka wenyewe. Habari njema, alisema, ni kwamba mafuta ya ndani ya tumbo huwa miongoni mwa ya kwanza kupungua mtu anapoanza kutembea na kula kwa kiasi. Zoezi letu kubwa likawa kiti cha mbao. Unakaa, unakunja mikono kifuani, unasimama na kukaa tena bila kushika popote, na anahesabu kwa sekunde 30. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 anatarajiwa kufikisha angalau mara 14. Mimi, niliyewahi kuongoza mchakamchaka wa shule nzima, nilifikisha 10, na mara ya mwisho nilijisukuma kwa kiwiko.

Mazoezi mengine yalikuwa ya vitu vya nyumbani, kama kusukuma ukuta, kuvuta ukanda wa mpira, na kutembea chumbani na dumu la lita tano kila mkono. Siku zisizo za darasa tulitakiwa tutembee nusu saa kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, ili kwa wiki tufikishe dakika 150. Mimi huondoka Soweto saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikapanda hadi kipilefti cha YMCA na kuingia barabara za Shanty Town zenye miti mikubwa, na siku ambazo mawingu hayajaamka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inaonekana yote. Mji wetu umelalia mteremko wa mlima, kwa hiyo kwenda ni kupanda na kurudi ni kushuka, jambo linalomfaa mtu anayechoka mwishoni.

Upande wa chakula ndipo nilipokuwa na malalamiko makubwa. Karatasi waliyotupa wiki ya kwanza ilikuwa imenakiliwa mahali pengine, kwa kuwa ilitaka tule brokoli, lozi, samaki wa makopo wa bei ya juu na mafuta ya zeituni. Mke wangu aliisoma mara mbili, akaniuliza orodha hiyo imeandikwa kwa ajili ya nani. Nilimpelekea binti swali hilo kama lilivyo, na kwa sifa yake hakukasirika. Wiki ya tatu alileta karatasi mpya, nusu ya sahani ikiwa mnafu, mchicha, figiri au kisamvu, robo ikiwa maharage, dagaa, mayai au nyama isiyo na mafuta, na robo iliyobaki ugali, wali au ndizi. Fedha za wiki mbili za kwanza hazikurudishwa, ingawa kwa upande wa chakula zilikwenda bure.

Mtori hakuukataza, bali alitufundisha kuuhesabu kama wanga, maana tulikuwa tukiunywa kama supu kisha tukala ndizi nyama juu yake. Kifungua kinywa changu, kilichokuwa chapati mbili na chai ya maziwa ya vijiko vitatu vya sukari, kikawa mayai mawili, kipande cha kiazi kitamu na chai ya kijiko kimoja, baadaye bila kijiko. Alisisitiza sana protini, kama gramu moja kwa kila kilo ya uzito au zaidi kidogo, kwa sababu mzee anayepunguza chakula chote bila kulinda protini hupoteza misuli pamoja na mafuta, na akirudia kula anarudisha zaidi mafuta kuliko misuli.

Kisha tukafika kwenye bia. Nilikuwa nakunywa chupa tatu Ijumaa na tatu Jumamosi, na sikuwahi kuzihesabu kama chakula. Chupa moja ya nusu lita ina takriban kalori 200, hivyo zangu zilikuwa kama 1,200 kwa wiki kabla sijagusa kitimoto kinachozisindikiza, na tena mwili hushughulikia kileo kwanza na kuyaacha mafuta yakisubiri. Tulikubaliana chupa mbili kwa wiki. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ya misibani na harusini ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa kata ya kunywea ikizunguka na mzee wa ukoo akakupa, huwezi kumweleza habari za kalori. Nilijifunza kuonja na kupitisha. Sidai kwamba nilifaulu kila mara.

Baada ya wiki 12 nilikuwa nimetoka kilo 91 hadi 86.5, na kiuno kimetoka 108 hadi 102. Kwenye kiti nilisimama mara 16. Ni matokeo ya polepole, na kati ya wiki ya tano na ya saba mizani haikusogea hata kidogo, ikanifanya niwaze kuacha. Kilichonizuia ni tepu, kwani katika wiki hizohizo kiuno kilipungua sentimita mbili. Mizani pekee ingenirudisha kwenye chai ya majani. Vidonge vya presha bado nameza, na daktari wangu ndiye atakayeamua kuhusu hilo, si mimi wala binti wa lishe.

Hakuna aliyenitayarisha kwa maneno ya watu. Nilipokwenda Kibosho kwenye msiba, shangazi yangu alimvuta mke wangu pembeni na kumuuliza kama nina sukari, au kama pensheni imechelewa. Kwetu kitambi bado ni heshima, na mzee anayepungua hudhaniwa ama anaumwa ama ana madeni. Desemba ilipofika, ndugu wote waliporudi nyumbani kwa Krismasi na mbuzi kuchinjwa, kukataa nyama kungekuwa kuthibitisha uvumi, basi nikala. Januari tepu ilisoma 103.5. Kwa kuwa nilikuwa nimeshajua njia, mwezi Machi nilikuwa nimerudi 101.

Kasoro za huduma hii ninazoziona ni hizo karatasi za chakula za mwanzo, darasa la Jumatano ambalo lilichelewa kuanza karibu kila wiki, na ngazi ya kupandia ghorofani isiyo na pa kushika, jambo la ajabu kwa mahali panapohudumia wazee wenye magoti mabovu. Tena, muhula ukiisha wanakuacha ghafla. Ningeshauri walau vipimo vya mara moja kwa mwezi viendelee kwa miezi mitatu. Anayetaka kupungua kwa ajili ya harusi ya mwezi ujao asiende pale, atalaumu bure. Ila kwa mtu mwenye presha au sukari, anayehitaji kuulizwa dawa zake kabla hajaambiwa aruke, bei hiyo naiona ya haki, na ni nafuu kuliko mkanda, chai na suruali mpya ukizijumlisha.

Mimi sasa nalipa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa mazoezi peke yake, mara mbili kwa wiki, na najipima mwenyewe Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kabla ya ibada. Jumapili iliyopita ilikuwa 100. Suruali nne ziko kwa fundi zikipunguzwa, naye ameniomba nisimame vizuri, akapandisha tepu yake juu ya kitovu kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, na kuanza ukurasa mwingine.