Santuri ya Pakeezah: Meena alifariki 1972, sauti yake ikafariki 2022

Haya wadau karibuni tena, leo sina simu wala spika ya kuwachambulia, leo nina hii hapa, ngoja niisogeze kwenye kamera muione vizuri, santuri ya Pakeezah, elpii yaani sahani kubwa yenye nyimbo za filamu ya Kihindi, kava limechakaa, hapa pembeni panya kashapita nalo, ila sahani yenyewe iko poa. Na kabla hujakimbilia kwenye komenti kuandika eti kaka hizo nyimbo zote ziko mtandaoni bure, najua, tulia, ntafika huko.

Nilisema tutakuwa tunapitia sahani za kuwakumbuka wasanii waliotangulia mbele za haki, na wengi mliniandikia Mbaraka Mwinshehe, wengine Marijani Rajab, wengine Bi Kidude, wote watakuja inshallah, ila nimeamua nianze na hii manake sijaona sahani nyingine ambayo marehemu wake wamefuatana hivi. Sikilizeni. Aliyetunga muziki, Ghulam Mohammed, kafariki Machi 1968. Filamu imetoka tarehe 4 Februari 1972. Meena Kumari, huyu mnayemuona hapa kwenye kava, kafariki tarehe 31 Machi mwaka huohuo, wiki 8 tu tangu filamu ianze kuonyeshwa, ana miaka 38. Halafu Lata Mangeshkar, ambaye ndiye anayeimba humu ndani Meena akichezesha midomo, yeye kaondoka tarehe 6 Februari 2022. Hebu pigeni hesabu, ni miaka 50 na siku 2 toka filamu itoke! Yaani mtunzi hakuuona hata uzinduzi, mwenye sura kauona kidogo tu, na mwenye sauti kabaki nusu karne nzima akiimba kwa niaba ya mtu aliyeko kaburini.

Hiyo ndo sababu mimi siiti hii sahani ya Meena Kumari kama wauzaji wanavyoiita. Ukienda kuulizia sokoni utaambiwa "ile ya Meena", kwa sababu kava linauza sura. Sawa, ila ukiweka sindano Meena hayumo, hata neno moja.

Sasa stori ya filamu yenyewe naipitia haraka maana wazee wenu wanaijua kuliko mimi. Kamal Amrohi, muongozaji wa filamu, alikuwa mume wa Meena, mradi ukaanzwa miaka ya hamsini huko, wakaanza na picha nyeusi na nyeupe, ikaja rangi, ikaja sinemaskopu yaani picha pana, mara ndoa ikayumba wakatengana 1964, kazi ikalala. Mpiga picha alikuwa Mjerumani, Josef Wirsching, naye akafariki 1967 filamu haijaisha. Mpaka inaamshwa tena, Meena ini limeshaharibika, kucheza dansi ni shida, ndo maana ile dansi ya mwisho ya kwenye vigae vya kioo, mahali pengine unapoona shela imefunika uso, yule ni Padma Khanna sio Meena. Ukishalijua hilo huwezi tena kuitazama ile sehemu kama zamani, mimi nilikuwa naiangalia nalia halafu nakuja kugundua namlilia mtu mwingine, basi nikaendelea kulia tu.

Ila muziki haukuguswa. Hapa ndo namvulia kofia Amrohi. Fikiria ni 1972, mwaka mmoja kabla India nzima inaimba Dum Maro Dum, zama za mtunzi R. D. Burman na magitaa ya umeme, halafu wewe unatoa filamu ina nyimbo za marehemu, ngoma za tabla na zeze la sarangi na njuga mguuni, mambo ya kizamani kabisa. Angeweza kutafuta mtunzi mwingine wa kisasa, hakutafuta. Nyimbo zikabaki zilezile za Ghulam Mohammed, na ule muziki wa nyuma ya picha uliokuwa haujamalizika akaumalizia Naushad, ambaye ndo alikuwa bosi wake Ghulam, alimfanyia kazi kama msaidizi miaka mingi.

Na kuna kitu hiki watu wengi hawakijui. Zilipokuja tuzo za Filmfare, zile tuzo za filamu za Kihindi, tuzo ya muziki ikaenda kwa watunzi wawili, Shankar-Jaikishan, kwa filamu ya Be-Imaan. Humohumo kwenye Be-Imaan kuna Pran, yule adui mkuu wa filamu zote tulizokulia, naye kapewa tuzo ya muigizaji msaidizi. Pran akaikataa tuzo yake! Akasema ile ya muziki ilikuwa haki ya Ghulam Mohammed. Sasa niambieni, mtu anakataa tuzo ya filamu yake mwenyewe kwa ajili ya marehemu ambaye hata asante hawezi kumwambia. Pran naye kafariki 2013, na kila nikimuona kwenye filamu anamkaba mtu koo nacheka tu, nasema wewe mzee tunakujua.

Haya tuingie kwenye sauti. Samahani siwezi kuwawekea wimbo mzima, chaneli itakula straiki, kwa hiyo nielezee.

Chalte Chalte ndo wimbo wa kupimia. Kwenye stori, Salim, yaani Raaj Kumar, alimkuta huyu mwanamke anayechezwa na Meena, mwimbaji na mcheza dansi wa kuburudisha matajiri, amelala kwenye treni, miguu iko nje, akamwachia kikaratasi kwamba nyayo zako nzuri sana usizikanyage chini zitachafuka. Baadaye yuko barazani anawaimbia matajiri, anakumbuka kuna mtu alikutana naye njiani hivihivi akipita, na mwisho kabisa wa wimbo inaingia honi ya treni. Kwenye simu ile honi unaisikia kama sauti tu, imewekwa. Kwenye hii sahani inatokea mbali, nyuma ya Lata, inakaribia, na tabla imeshanyamaza, mimi mwenyewe hapa nimeinua shingo nikaangalia dirishani. Na Lata anavyoimba, hapandishi sauti kutafuta sifa, analibana neno mpaka karibu limkatikie halafu analiachia. Kama sahani yako imechoka hapo ndo utajua, zile "s" na "ch" zinakwaruza sikio, na ikiwa wimbo uko karibu na lebo pale katikati ndo inazidi, maana mifereji ya ndani inabanwa kuliko ya nje, sahani zote ziko hivyo sio ugonjwa wa hii.

Inhi Logon Ne ndo ya kuwaamsha majirani. Mwanamke analalamika hawa watu wameuchukua mtandio wangu, huniamini kamuulize muuza vitambaa, kamuulize mpaka rangi wa vitambaa, kamuulize askari, yaani anawataja mashahidi wote wa mtaa, na wote ndo hao hao walioushika huo mtandio. Hata mtu asiyejua Kihindi anaupata ule ucheshi wenye sumu. Dholaki, ile ngoma ya Kihindi, hapa inapiga kwa chini, ukiwa na spika ndogo za kompyuta utaikosa nusu yake.

Chalo Dildar Chalo kuna Mohammed Rafi, na Rafi naye kaondoka Julai 1980, kwa hiyo ni duet ya marehemu wawili sasa. Wimbo mzuri, ila kwangu ni mtamu mno, naupitisha. Nisameheni mashabiki wa Rafi, najua mtanishukia.

Mtu wa pwani hii sahani haitakuwa ngeni hata kama hujawahi kuishika. Tuni za filamu za Kihindi ndo zimelea nusu ya taarabu yetu, Mombasa marehemu Juma Bhalo alikuwa anazichukua anazivisha mashairi ya Kiswahili, na watu harusini wanaimba hawajui hata filamu ilikuwa ipi. Bhalo kafariki Aprili 2014. Ukipata vile visahani vidogo vya Mzuri, lebo ya duka la Assanand kule Mombasa, weka kimoja cha taarabu halafu weka hii, usiseme chochote, wape tu wageni wako wasikilize.

Haya maswali yenu ya kununua. Sahani kama hii ya mtumba nimeipata kwa bei ya kilo mbili za nyama na bado nikaombwa niongeze, tukaelewana. Usinunue ukiwa umeliangalia kava tu. Itoe, iinamishe kwenye mwanga, mikwaruzo myembamba kama nywele haina neno, ila ule unaoshika ukucha ukipitisha kidole, huo utarukisha sindano. Angalia na kujikunja, hizi nyingi zimekaa juu ya makabati ya Dar na Unguja miaka kibao na joto letu mnalijua. Ukungu unasafishika, maji safi na tone la sabuni ya maji na kitambaa laini, unafuata mifereji, usikate katikati, na lebo usiiloweshe. Na tafadhali, zile rekodi pleya za kisanduku zenye mkono mzito usiziwekee sahani ya hivi, sindano inatakiwa ikae na uzito wa karibu gramu 2, zaidi ya hapo unachimba mtaro.

Kuhusu ya bure mtandaoni, nimeahidi nitafika. Kama unataka tu kuusikia wimbo, sikiliza huko, hakuna ubaya, na ni safi zaidi, hii yangu inachacharika kama nini. Tofauti ni kwamba huko unaruka, unasikiliza sekunde 20 unahama. Hapa umeshainuka kuweka sindano, utakaa, na utajikuta unageuza upande.

Ila kama unamtaka Meena mwenyewe, sauti yake sio ya Lata, sahani ya kutafuta sio hii. Alikuwa mshairi, na 1971 kampuni ya santuri ya HMV walitoa elpii yake inaitwa I Write, I Recite, anasoma mashairi yake mwenyewe, muziki kautengeneza Khayyam. Nimeisikia kwa mzee mmoja, sauti nzito kidogo, haina haraka, imechoka, haifanani na Lata hata kidogo, na ukitoka hapo ukirudi kwenye Pakeezah unamsikia Lata vingine, unajua sasa alikuwa anamuazima nani. Yule mzee hauzi, nimembembeleza mpaka mkewe kaniambia mwanangu nenda nyumbani. Kwa hiyo kama kuna mtu anayo, Dar, Unguja, Mombasa, hata Muscat huko, njoo inboksi, iwe na kava isiwe na kava, naichukua.